Ushuru Uliopitishwa kwa Maombi

Kakuma, 11 Agosti 2025

Kwa mpwa wangu Benard,

Kabla hujaketi, simama kwanza, maana hii barua imetoka kwa mtu mkubwa. Tangu Jumamosi mimi mjomba wako Josiah ndiye mwenyekiti wa wafanyabiashara wote wa Kakuma, kutoka stendi mpaka Kalobeyei. Nilichaguliwa bila kupingwa na akina mama wakapiga vigelegele.

Haya, keti. Si wafanyabiashara wote. Ni sisi tu wenye wilbaro za kukodisha, na tukikutana wote tunatosha kwenye benchi la Chepchumba, yule mama wa chai. Na mwenyekiti ni Chepchumba. Kazi yangu mimi ni kuleta benchi. Vigelegele vilikuwepo kweli, ila vilikuwa vya harusi ya Wakongo upande wa pili wa barabara.

Ejok? Hamjambo huko? Mama yako, dada yangu Sellah, goti lake linasemaje? Mwambie aache kujipaka ile dawa ya ng'ombe, yeye si ng'ombe, ingawa tulipokuwa wadogo alikuwa akinipiga mateke kama mmoja. Mimi ni mzima. Jino la mbele limeniaga, kwa hiyo sasa nikicheka watu wanaogopa, na hiyo imenisaidia kwa wateja wanaochelewa kulipa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Simu yangu haina shida. Ni wewe uliyenitoa kwenye grupu ya familia kwa sababu nilimwita yule mheshimiwa wenu wa bunge la kaunti Miwani. Je, havai miwani nyeusi hata ndani ya nyumba? Nikikupigia hushiki. Basi Awino anayefuata samaki Lodwar atakuwekea hii barua mkononi. Ukiona inanuka, ni samaki, si mimi.

Sasa neno lenyewe. Unajua mimi nilikuwa nimeacha kupiga kura. Miaka yote nilikuwa nasema, huyu akiingia atakula, yule akiingia atakula, na mimi nitasukuma wilbaro. Mwaka wa 2022 ukaja hapa na shati limepigwa pasi, ukaniambia, "Mjomba, huyu wa sasa ni tofauti." Nikaamka giza, nikapanga foleni na wazee wenye kikohozi, nikampa Miwani kura yangu. Nilimpa kwa ajili yako wewe, Benard, si kwa ajili yake. Nataka unisaidie kuirudisha.

Usicheke. Kumbuka mkutano wa Aprili, wa kukusanya maoni ya wananchi. Wewe ulikuwa pale, mtu wa ofisi ya ushuru ya kaunti, umekumbatia faili kama mtoto mchanga. Mzee Esinyen akafungua kwa maombi vile wazee wa Kiturkana hufanya: yeye anataja, sisi tunajibu. Mvua? Ipo! Maziwa? Yapo! Mbuzi? Wapo! Watoto? Wapo! Tukashika mdundo, mikono juu, hata sisi wa kuja tukajibu kama tumezaliwa hapa. Mara Miwani akamnyang'anya mzee maiki, akatuitikisha hapo hapo: "Na ushuru mpya wa mikokoteni na wilbaro?" Tukajibu: Upo!

Mimi ndiye niliyejibu kwa sauti kubwa kuliko wote. Halafu soda zikagawiwa, mkutano ukaisha.

Juzi redioni nimesikia ushuru umepita, "wananchi wa Kakuma waliunga mkono kwa sauti moja." Nakuuliza swali moja tu, mtoto wa dada yangu. Kwenye lile faili uliandika nini?

Mjomba wako,
Josiah, mleta benchi


Lodwar, 2 Septemba 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa salama. Sisi hapa tuko salama. Mama anakusalimu, goti lina nafuu, na amekataa kuacha ile dawa. Mtoto wetu ameanza kusimama akishika kiti. Pole kwa jino.

Kuhusu jambo lako, napenda kukueleza kwamba utaratibu wote ulifuatwa. Mikutano ilifanyika, wananchi walipewa nafasi ya kusema, na bunge la kaunti likapitisha. Ushuru ni wa kujenga soko jipya lenye paa. Kila wilbaro itakuwa na stika, na mwenye stika hatasumbuliwa.

Kuhusu kura, Mjomba, kura hairudishwi.

Tafadhali usimwite Mheshimiwa jina lile kwenye barua. Mzigo wa Awino unapitia mikono mingi. Nitakurudisha kwenye grupu mambo yakitulia.

Mpwa wako,
Benard


Kakuma, 19 Oktoba 2025

Benard,

Sellah salamu, mtoto salamu, goti salamu. Umeandika mistari mingi mizuri na swali langu umelizunguka kama mtu anayezunguka kinyesi njiani. Nauliza tena: uliandika nini?

Wilbaro zangu zimechukuliwa. Zote.

Kanjo, wale askari wa kaunti, walikuja siku ya kugawia wakimbizi chakula kambini, wanajua siku hiyo ndiyo wilbaro zinafanya kazi. Lueth, kijana wangu mrefu wa Sudani Kusini, alikuwa anamsukumia mahindi mama mmoja anaitwa Nyakim. Mama mwenyewe mguu mbovu, amekaa foleni tangu alfajiri. Kanjo wakauliza stika. Lueth akasema, "Stika ni ya mzee, mimi ninasukuma tu." Wakasema shusha. Akasema ngojeni nimfikishe huyu mama, ni pale tu kwenye ule mti. Wakaipindua. Gunia likapasuka, mahindi yakamwagika mchangani, na wao wakaondoka na wilbaro, gurudumu linalia kwii kwii. Hilo gurudumu nilikuwa nimepanga kulipaka mafuta jioni hiyo.

Nyakim alikaa chini akaanza kuokota punje moja moja. Hakulia. Mbuzi walikuja, akawafukuza kwa kiatu, akaendelea kuokota. Chepchumba akaacha chai yake ikachemka mpaka ikamwagika, akainama naye. Mimi nikasimama hapo na miaka yangu yote.

Nilikwenda kwenye yadi ya kaunti. Askari wa lango akaniambia, "Mzee, si nyinyi mlisema upo?" Wenzake wakacheka. Wameifanya kuwa mchezo, Benard. Mtu akilalamika sokoni wanamuuliza hivyo. "Ushuru?" Halafu wanajijibu wenyewe, "Upo!"

Jumapili mchungaji alihubiri juu ya kusamehe. Nikatoka nje kupunga hewa mpaka akamaliza. Naandika uelewe vizuri: huyu Miwani sitamsamehe. Amechukua neno kutoka mdomoni mwangu wakati naomba mvua, akaenda kulifanyia biashara. Sina gari, sina wakili, sina hata wilbaro. Lakini nina muda, na mzee mwenye muda na hasira ni kitu kibaya.

Josiah


Lodwar, 14 Novemba 2025

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Laga, huu mto wetu mkavu, lilijaa maji ya kutoka milimani, barabara ilikatika, na barua yako ilikaa kwa Awino ikiwa chini ya tilapia.

Nimesikitika sana kusikia habari za wilbaro na za yule mama. Nimeuliza katika ofisi inayohusika, wamesema kanjo walizidisha lakini sheria ni sheria. Mimi si mkubwa hapa, Mjomba. Kuna watu juu yangu na watu juu ya hao.

Mama anauliza kama utakuja Krismasi. Anasema atakuchinjia yule jogoo anayemchukia.

Nakuomba usifanye jambo lolote la hasira. Nina mtoto.

Benard


Kakuma, 5 Desemba 2025

Mpwa wangu mpendwa, Benard wa Sellah,

Ejok, ejok sana! Bwana asifiwe! Nakusalimu mara mbili kwa sababu furaha imenizidi. Mwambie dada yangu Krismasi sitakuja, ila jogoo amwache aishi, mtu asiuawe kwa sababu ya kuchukiwa.

Nimekuwa mpole, utashangaa. Nimefikiria maneno yako, sheria ni sheria, na wewe una mtoto. Nimewaambia na wenzangu kwenye benchi, tuache kelele. Lueth sasa anabeba mizigo kichwani kama mama yake, Didace yule Mrundi wetu amerudia kazi ya kupiga picha za simu kwenye harusi, na mimi namsaidia Chepchumba kuosha vikombe. Ameniambia naosha kama mtu anayebatiza.

Na lile swali langu sikuulizi tena leo. Liweke hapo lilipo.

Nimesikia Miwani, samahani, Mheshimiwa, anakuja kuzindua lile soko lenye paa. Nimeliona paa, ni zuri, jua linapita katikati tu. Ningependa wazee tumpokee kwa heshima, isije ikasemwa watu wa Kakuma hawana shukrani. Anakuja lini? Na nani atafungua kwa maombi? Hizi siku wanaleta wachungaji wenye keyboard, lakini watu wa hapa hawasikii mpaka mzee aombe.

Uulize tu. Sina haraka.

Mjomba wako aliyetulia,
Josiah


Lodwar, 7 Januari 2026

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Barua yako ilinifurahisha mno. Nilimsomea Mama, akasema, "Josiah hajawahi kutulia hata akiwa na malaria." Lakini mimi nimefurahi.

Mheshimiwa anakuja Jumamosi tarehe 24. Nilimweleza kwamba wazee wanataka kumpokea, akafurahi, akasema hiyo ndiyo Kakuma anayoipenda. Ataanza kampeni yake ya uchaguzi wa 2027 hapo hapo, kwa hiyo kutakuwa na kamera na itarushwa moja kwa moja kwenye Facebook. Anaomba Mzee Esinyen afungue kama mwaka jana. Anasema maombi yasiwe mafupi, na yeye mwenyewe atasimama karibu na mzee akiitikia na wananchi, maana inaonekana vizuri kwenye picha.

Tafadhali mpelekee Mzee ujumbe huu. Asante kwa kunisaidia kazi yangu.

Mpwa wako,
Benard


Lodwar, 29 Januari 2026

Mjomba,

Umefanya nini?

Video imefika kila mahali. Jumatatu bungeni wenzake walikuwa wanamwitikia kila alipoinuka kusema. Spika mwenyewe aliinamisha kichwa kuficha kicheko. Jana wamepiga kura na kile kifungu cha mikokoteni kimefutwa, hakuna hata mmoja aliyetaka jina lake likae karibu nacho. Tangu Jumatatu hiyo Mheshimiwa hajatoka nyumbani kwake. Amewaambia watu kwamba mimi ndiye niliyepanga, kwa sababu mimi ndiye niliyemletea habari ya maombi ya wazee.

Nimehamishwa. Nimeambiwa niripoti Namoruputh kukusanya ushuru wa mifugo kwenye mpaka wa Uganda. Mama hasemi na mimi wala hasemi na wewe.

Uliniuliza mara mbili. Nitakujibu. Ndiyo, niliandika kwamba mlikubali. Niliambiwa niandike, na nilijua yale yalikuwa maombi, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa naitikia huku nimeshika faili. Sikuweza kusema hapana kwa mtu aliyenipa kazi.

Wewe uliniambia umetulia.

Benard


Kakuma, 15 Februari 2026

Benard mwanangu,

Barua hii nimeiandika na kuichana, nikaiandika tena. Ya kwanza ilikuwa na furaha nyingi mno.

Jibu lako nimelipata. Limechelewa, lakini limefika, tofauti na mahindi ya Nyakim. Sasa na mimi nitakuambia yangu, maana umeona video tu, na video haioneshi nyuma.

Nilikwenda kwa Mzee Esinyen mwezi wa Novemba, nikiwa na tumbako. Nilidhani nitamshawishi. Kumbe mzee alikuwa na jambo lake tangu Aprili. Akaniambia, "Yule kijana aliingiza mkono kwenye maombi yangu kama mtu anayeingiza mkono kwenye sufuria ya jirani. Mvua nimeomba, haijashika vizuri. Mimi najua kwa nini." Nikamwambia, basi tufanyeje? Akatafuna tumbako yangu polepole. Akasema, "Arudi tu. Mimi nitampikia."

Hiyo ndiyo njama yote. Hakuna mtu aliyelipwa wala aliyefundishwa neno. Watu wa soko walikuja wenyewe na wamechoka wenyewe.

Siku ile Miwani akasimama pale karibu na mzee, kama mlivyoagiza, shati jeupe, mikono juu, maiki iko katikati yao. Didace nilimweka mbele kabisa na simu yake, nikamwambia, "Usimpige picha mwingine, huyu tu." Akasema, "Muzee, na kama nikicheka?" Nikamwambia acheke kwa ndani.

Esinyen akaanza na mema. Mvua? Ipo! Maziwa? Yapo! Akayataja mengi, mpaka watu wakashika mdundo na Miwani akaanza kuyumba kama yuko kwaya. Halafu akageuka upande wa mabaya, yale ya kufukuzwa. Wewe unajua desturi yao: kwenye mabaya hakuna kunyamaza. Anayenyamaza ni kama ameushika ubaya mkono usiende. Kiangazi? Kimekwenda! Ugonjwa wa mbuzi? Umekwenda! Risasi? Zimekwenda! Njaa? Imekwenda! Hapo mzee hakupumua hata kidogo. Ushuru wa wilbaro?

Umekwenda! Soko zima. Na yeye Miwani, Benard, naye pia! Sauti yake ilitoka kabla ya kichwa chake, nene, nzuri, kwenye maiki. Nilimwona neno likimtoka, nikamwona akilitazama linavyokwenda.

Mimi nilifikiri tumemaliza. Nilitosheka. Lakini Esinyen hakushusha fimbo. Akageuza uso, wakawa wanatazamana, pua kwa pua, akauliza kwa upole kabisa, kama anayemuuliza mtoto kama amekula:

"Na aliyeuleta?"

Watu hawakujibu. Walimngoja yeye. Nyakim alikuwa amesimama kwenye nguzo ya lile paa lenu, amekunja mikono. Miwani akivunja maombi ya mzee mbele ya watu, amekwisha. Akinyamaza, ameshika ubaya wake mbele ya watu, amekwisha. Alivua miwani, Benard! Mara ya kwanza nimeona macho yake, ni madogo. Akasema kwa sauti ya chini, lakini maiki ya kaunti ni nzuri, ushuru wetu umenunua kitu: "Amekwenda."

Hapo ndipo watu wakaitikia.

Wilbaro zangu kanjo wamezirudisha wenyewe. Moja imekuja bila gurudumu, ile iliyokuwa ikilia. Yule askari wa lango nilimuuliza, "Ushuru?" Akatazama viatu vyake. Nilimngoja. Nina muda. Mwisho akasema, "Umekwenda, mzee," nami nikamwambia sijasikia vizuri, arudie. Akarudia. Lueth akamrudishia Nyakim gunia la mahindi, tulichanga sisi wa benchi. Nyakim akalipima kwa mkono, akasema limepungua. Ana haki yake.

Sasa mambo yako. Namoruputh si mwisho wa dunia. Kule kuna mbuzi wengi na watu wasiosahau sura, kwa hiyo ukikusanya ushuru kusanya kwa adabu. Ulikuwa umemwitikia mtu mbaya, naye amekutupa kama karatasi ya sukari. Utaniambia mimi ndiye niliyekutupa. Sitabishana. Nilikudanganya kwamba nimetulia, na ningekudanganya tena kesho asubuhi. Mimi nilimtaka Miwani, na njia ilipita mlangoni kwako. Wewe nawe ulikuwa umeuacha wazi tangu Aprili.

Lakini kuna kitu hakiko kwenye video, na dada yangu akijua huenda atasema na sisi wote wawili. Watu walipokuwa bado wanaitikia, Esinyen alishusha maiki, akaniinamia sikioni. Akaniuliza, "Kuna mwingine? Yule aliyeandika?"

Nilikuona, Benard. Ulikuwa umesimama nyuma ya gari la Mheshimiwa na faili lako, umekonda. Esinyen alikuwa anasubiri. Miwani alikuwa bado ameshika miwani mkononi. Ningetamka jina moja tu, watu wangeliitikia, wewe ungelisikia likienda, na unajua mwenyewe watu wa huku wanachukulia vipi maombi ya namna hiyo. Na mimi nilikuwa bado na hasira ya kutosha, wallahi ilikuwepo, ilikuwa imenijaa mpaka kwenye lile pengo la jino.

Nikamwambia mzee, "Hapana. Wamekwisha."

Kwa hiyo usiniandikie habari za deni la Namoruputh. Wewe ndiye unayenidai msamaha na mimi ndiye ninayekudai fadhila, na fadhila yenyewe ni ndogo, haihitaji hata kuinuka kwenye kiti. Chukua simu yako unirudishe kwenye grupu ya familia. Sitamtukana mtu. Nina video moja tu ya kutuma.